CHUMA CHA ZAMANI: UKIJUE KWANZA, KISHA UKITUMIE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Katika miji yetu hakuna chuma kinachokufa. Motokari ikiharibika kabisa, mlango wake unakuwa mlango wa banda la kuku. Janti inakuwa mbabula. Resori ya kamioni inakuwa jembe. Remorki ya trakta iliyolala miaka mingi katika majani ya ferme, siku moja utaiona barabarani imekuwa pusupusu, inabeba magunia ya makala. Hiyo ni akili, si aibu. Mtu anayefanya hivyo analinda mapesa yake na anawapa watoto chakula.

Lakini mimi kazi yangu ni katika dispanseri, na huko ninaona upande wa pili wa kazi hiyo. Nitawaambia jambo moja, na ndani yake kuna kosa langu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa imepita tangu mama mmoja aliponiletea mtoto wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa analia tumbo, haendi choo vizuri, hataki kula. Nikampa dawa ya minyoo. Baada ya wiki mbili mama akarudi. Mtoto alikuwa mweupe machoni, damu imepungua. Nikampa dawa ya kuongeza damu. Mara ya tatu walikuja usiku: mtoto anatapika na mwili wote unatetemeka kwa degedege. Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza: «Mama, pale nyumbani mnafanya kazi gani?» Akajibu: «Baba yake anavunja batri za motokari nyuma ya jiko. Anayeyusha plombi, anatengeneza vizito vya nyavu za samaki.»

Tulimpeleka lopitalo usiku ule ule. Hakufa, tumshukuru Mungu. Lakini leo yuko shuleni na masomo yanamshinda, wakati wadogo zake wanamaliza vizuri. Baba yake hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alikuwa anatafuta mapesa ya shule. Alikosa kitu kimoja tu: hakukijua chuma alichokishika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mbele ya kupeleka chuma cha zamani nyumbani, kiulize maswali matatu. La kwanza: ulikuwa unafanya kazi gani? La pili: umefunga nini ndani yako? La tatu: umepakwa nini, tena umechanganywa na nini? Chuma hakina mdomo, lakini mwenye macho anaweza kusoma jibu lake.

SWALI LA KWANZA: KILIKUWA KINAFANYA KAZI GANI?

Kazi ya zamani ya chuma inakuonyesha tabia yake.

Resori ya kamioni au ya remorki, yaani zile bamba ndefu zilizopindwa na kupangwa moja juu ya nyingine, ilitengenezwa ili ipinde na kurudi bila kuvunjika. Ni chuma kigumu kinachoshika makali. Kinafaa kwa jembe, panga, shoka na patasi. Mfua vyuma akitaka kukizimisha apate ukali, akizimishe ndani ya mafuta, si ndani ya maji baridi, kwa sababu maji yanaweza kukipasua. Kisha akipashe moto kidogo tena mpaka kipate rangi ya buluu. Bila hivyo kitakuwa kikali lakini kitavunjika kama chupa. Mafuta yenyewe yawe katika chombo cha chuma chenye kifuniko, nje ya nyumba, na watoto wawe mbali, maana yanaweza kushika moto. Tena sikia: resori haipendi kusudwa. Ukiisude ili ibebe mzigo, itapasuka pembeni ya ile sehemu uliyosude, na itapasuka siku ya mzigo mkubwa.

Esie, yaani kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili, ni kigumu kiasi na hakivunjiki upesi. Kinafaa kwa nyundo, kwa mtaimbo, na zaidi kwa pusupusu. Lakini esie iliyochoka ina nyufa ambazo jicho halizioni. Fanya hivi: isafishe vizuri, ipake petroli ya taa, ungojee dakika chache. Uipanguse mpaka ikauke, kisha uinyunyizie unga wa chaki. Kama kuna ufa, petroli iliyoingia ndani itatoka tena na kuchora mstari wa majimaji juu ya chaki. Ukiuona mstari huo, esie hiyo isibebe mtu wala gunia. Angalia pia rulema, ile pete yenye vidonge vya chuma ndani. Izungushe kwa mkono karibu na sikio. Ikilia kama mchanga, ibadilishe.

Tamburi ya freni ni ya fonti. Fonti ni nzito na inastahimili joto, lakini ukiipiga nyundo kwa nguvu inavunjika na vipande vinaruka. Iache kama ilivyo, uifanye mbabula au kikalio cha kitu kizito. Janti ya chuma ya motokari ndogo ni laini, inatobolewa bila taabu, na inafanya mbabula nzuri.

Gari la shamba la zamani lile la kukokotwa na ng'ombe lina pete ya chuma inayozunguka gurudumu la mbao. Chuma hicho mara nyingi ni laini na kinapindika vizuri katika moto. Kinafaa kwa bawaba, ndoano na pete za mipini. Usikifanyie kisu, hakitashika makali.

Kama hujui chuma ulichonacho, tumia vitu viwili. Cha kwanza ni sumaku, kwa mfano ile ya radio iliyokufa. Chuma na fonti vinaishika. Shaba, risasi na aluminiumu haziishiki. Cha pili ni jiwe la kunolea la umeme. Vaa miwani ya kazi, gusa kidogo, tazama cheche. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka. Chuma kigumu cha resori kinatoa cheche zinazopasuka kama nyota nyingi. Fonti inatoa cheche fupi, nyekundu. Mzee mmoja wa atelye alinifundisha hivyo nilipokuwa kijana wa shule ya ufundi, na mpaka leo sijasahau.

SWALI LA PILI: KIMEFUNGA NINI NDANI?

Kila kitu kilichofungwa ni adui wa moto. Usikitupe kamwe motoni, usikikate kwa shalimo mbele ya kujua kilicho ndani.

Amortiseri ina mafuta, na nyingi zina gazi yenye nguvu. Vile vyuma vyembamba vinavyoinua mlango wa nyuma wa motokari pia vina gazi. Vikipata joto vinaruka kama risasi ya bunduki. Mtoto anayeviona kwenye moto wa takataka hawezi kujua.

Pipa tupu si tupu. Pipa la esanse au la mazuti, hata ukilimwaga mpaka tone la mwisho, linabaki na mvuke. Mvuke ule ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka, na kwa hiyo pipa tupu linaweza kuwa na hatari kuliko pipa lililojaa. Rezervoari ya kamioni ni vilevile. Kazi hiyo mwachie sudere aliyefundishwa kuosha na kujaza maji mbele ya kukata. Kunusa tu hakutoshi.

Gurudumu la kamioni lenye pete ya kufungia limeua watu wengi duniani. Toa hewa yote mbele ya kulegeza buloni hata moja. Tena usisude wala usipashe moto janti ambayo tairi lake bado limevaliwa, hata kama hewa imetoka. Mpira ukipata joto kwa ndani unatoa gazi, na tairi linapasuka. Toa tairi kwanza, kila mara.

Motokari za siku hizi zinazokuja zimeshatumika katika nchi nyingine zina mifuko ya hewa ndani ya usukani na mbele ya abiria. Mifuko hiyo ina baruti ndogo. Usipige nyundo usukani huo, wala usiuchome.

SWALI LA TATU: KIMEPAKWA NINI, TENA KIMECHANGANYWA NA NINI?

Hapa ndipo hatari inapoingia kimya, bila mlio.

Manjanja, ndoo na mabomba meupe yamepakwa zinki. Ukiyasude au ukiyachoma, zinki inatoa moshi mweupe. Sudere anauvuta mchana. Jioni au usiku anaanza kutetemeka, anapata homa, kichwa, mifupa inauma, mdomo una ladha ya chuma. Asubuhi anakuja kwetu na kusema: «Ni malaria.» Tunapima damu, hatuoni malaria. Ni homa ya moshi wa chuma. Kwa kawaida inaisha katika siku moja au mbili. Wengine wanasema ukinywa maziwa hutaipata. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaendi kwenye mapafu. Dawa ni hii: kwangua zinki mahali utakaposude, fanya kazi nje, na simama upande upepo unakotoka. Ukija dispanseri na homa, mwambie mganga kwamba ulikuwa unasude. Neno hilo moja linamsaidia sana.

Kuwa na uangalifu zaidi kwa buloni na vyuma vidogo vyenye rangi kama dhahabu. Vingine vya zamani vimepakwa kadmiumu. Moshi wake unafanana na ule wa zinki mwanzoni, lakini unaweza kuharibu mapafu na kuua kwa siku chache. Usivipashe moto kabisa. Na mtu aliyevuta moshi akianza kushindwa kupumua, usingoje asubuhi, mlete lopitalo.

Garnitiri za freni na za ambreyaji za motokari za zamani nyingi zina amianti. Vumbi lake halikohozeshi leo. Linakaa katika mapafu, na ugonjwa unatokea baada ya miaka 20, 30, hata 40. Mwingine ni kansa. Kwa hiyo usipulize tamburi ya freni kwa mdomo wala kwa kompresa. Ilowanishe kwa maji, uipanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha ukifunge kitambaa hicho katika mfuko na kukitupa. Garnitiri za zamani usizisage kuchanganya na udongo wa mbabula, na watoto wasizichezee.

Bloki ya motere ya Volkswagen ya zamani, ile ya umbo la kobe, ni nyepesi sana. Wengi wanaiyeyusha wakidhani ni aluminiumu tu. Hapana, ndani yake kuna magnesiumu nyingi. Ikishika moto inawaka nyeupe, inaumiza macho, na ukimwagia maji unaiongezea nguvu. Jaribu hivi: kwangua sehemu ndogo mpaka ing'ae, tia tone la siki. Magnesiumu inatoa povu papo hapo, aluminiumu inatulia. Ukiona povu, usiipeleke kwenye moto.

RISASI, ADUI WA WATOTO

Sasa turudi kwa yule mtoto. Risasi, ile mekanisie wanayoiita plombi, ni laini, nzito, inayeyuka kwa digri 327 tu. Mbabula ya jikoni inatosha. Zaidi ya nusu ya uzito wa batri ya motokari ni risasi. Inapovunjwa na kuyeyushwa, vumbi na moshi vinaanguka juu ya udongo wa uwanja, juu ya nguo zinazoanikwa, juu ya sahani. Mtoto anacheza chini, anaweka vidole mdomoni. Na mwili wa mtoto mdogo unaweza kuchukua risasi mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima. Risasi inapunguza damu, inaharibu ubongo na figo, na kwa mwanamke mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya la Dunia linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina hatari.

Si mambo ya kutisha watu tu. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwezi wa kumi na moja mwaka 2007 na mwezi wa tatu mwaka 2008. Watu walikuwa wanachambua udongo wenye risasi ya batri katika nyumba zao. Na karibu na sisi, Kabwe katika Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo wa mitaa jirani bado una risasi, na watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa wanakutwa nayo katika damu.

Kwa hiyo batri ina njia moja tu: iuze nzima, na maji yake ndani, kwa mnunuzi wa batri. Usiivunje nyumbani, usimwage maji yake ya asidi, usitumie kisanduku chake kuchotea maji. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji safi mengi muda wa dakika 15 au zaidi, kisha njoo kwetu. Usipake mafuta, usipake maziwa.

Risasi inajificha pia mahali pengine. Radiateri za zamani za shaba ziliunganishwa kwa risasi. Wako watu wanaozitumia kupoza mvuke wa lutuku. Mvuke ule unapita juu ya risasi na kuichukua, na mnywaji anaimeza. Pombe yenyewe inatosha kuharibu mtu; usimwongezee risasi. Radiateri ya zamani usiipitishie kitu chochote cha kunywa, hata maji ya kawaida.

Na sufuria, je? Mama, ninajua sufuria za kumimina zinauzwa bei nafuu sokoni na zinadumu. Zinatengenezwa kwa pistoni, karteri na vipande vingine vya aluminiumu. Fundi anatia vyote katika moto mmoja, na hawezi kujua kama kipande cha risasi kimeingia ndani. Mwaka 2014 wataalamu waliotazama sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni waliona kwamba risasi inaweza kutoka ndani ya sufuria na kuingia katika chakula. Kwa macho huwezi kuiona. Ukiweza, pika katika sufuria ya inoksi au ya emaye. Kama huna nyingine, usipikie tomati, ndimu wala kitu kingine chenye uchachu ndani ya ile ya kumimina, usilazie chakula humo mpaka kesho, wala usiikwangue kwa mchanga kila siku. Ile ya kumimina iachie maji ya kuoga.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Chuma kilicho katika uwanja wa Kampani ni mali ya Kampani. Kama unakihitaji, omba karatasi ya ruhusa kwa mkubwa wako. Tena chuma cha kazini kinaweza kuwa kiligusa asidi au dawa za kuosha shaba, uliza kwanza.

2. Kazi ya vyuma ifanyike mbali na jiko, kisima na mahali pa watoto.

3. Miwani, glavu na viatu si vya kazini peke yake. Jicho unalolilinda mgodini ndilo hilo hilo unalokwenda nalo nyumbani.

4. Badilisha nguo na unawe mikono mbele ya kubeba mtoto na mbele ya kula. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

5. Tairi la zamani ni zuri kwa viatu na kwa kufunga mizigo. Lakini usilichome, na lile linalokaa nje litobolewe lisishike maji, maana mbu wanazaa humo.

6. Ukija dispanseri, sema kazi unayoifanya nyumbani, hata kama hukuulizwa. Mimi sasa ninauliza kila mara. Yule mtoto ndiye aliyenifundisha.

Baba yake bado anafanya kazi ya vyuma siku za mapumziko. Anatengeneza majembe ya resori, na majembe yake ni mazuri. Mimi mwenyewe nimenunua moja kwa shamba la mke wangu. Batri hazigusi tena. Akiletewa kitu asichokijua, anakiweka pembeni ya ukuta mpaka apate wa kumwuliza.

Nawe fanya hivyo. Chuma ulichokuta kimelala miaka 20 katika majani kinaweza kungoja siku moja zaidi, mpaka ukijue.

Jilinde, linda na wale wanaokungojea nyumbani.

Mganga msaidizi wa dispanseri